Tuba Ipi kwa Ukungu wa Werugha

Jumanne, 15 Julai 2025

Siku kubwa! Mwalimu Jedidah ametugawia muziki mpya. Unaitwa "Ukungu wa Werugha". Umetungwa na kijana wa huko huko Werugha, juu kwenye baridi ya milima ya Taita, Tom, aliyesomea muziki Nairobi, na tutaupiga kwao kwenyewe, ukumbi wa kanisa, Jumamosi tarehe mbili Agosti. Okestra yetu ya Voi ina watu ishirini na watatu na viti kumi na tisa. Haijawahi kualikwa popote isipokuwa harusi mbili na ufunguzi wa duka la magodoro.

Nikafungua karatasi yangu. Ukurasa wa nne: mistari miwili mizima ambapo kila mtu ananyamaza isipokuwa fidla moja na tuba. Fidla inauliza, tuba inajibu. Fidla ni Wendy, binti yangu! Tuba ni mimi! Miaka kumi na mitano nimepulizia nyuma ya watu na hakuna aliyewahi kugeuka.

Niandike hili hapa, maana mdomoni halitoki. Wendy anaenda chuo kikuu Eldoret mwisho wa Agosti. Hii ndiyo mara ya mwisho tutakaa ukumbi mmoja tukipiga muziki mmoja. Ukurasa huo ni wangu. Akiupiga mtu mwingine sijui nitaweka wapi uso wangu, wala moyo wangu.

Sasa shida. Juu ya karatasi imeandikwa "Tuba" tu. Haisemi ipi. Okestra inazo mbili. Kubwa, ambayo naitunza mimi, inakaa sebuleni kwetu kwenye kiti chake. Ndogo ni ya Wamalwa, fundi wa reli, aliyekuja nayo kutoka bendi ya kanisa lao Bungoma. Mwalimu alieleza kwamba mtunzi humwachia mpigaji achague tuba inayofaa muziki wenyewe. Nikasema kubwa kabla hajamaliza sentensi. Nauza matangi ya maji hapa Voi mwaka wa kumi na mbili huu. Sijaona mteja aliyerudi kulalamika kwamba tangi lake ni kubwa mno.

Mwalimu akasema sauti za ukurasa wa nne ziko juu na ni nyepesi, na tuba ndogo huzifikia bila kuhema. Wamalwa akaitikia kwa adabu nyingi. Mtu wa adabu nyingi namna ile simwamini. Uamuzi: Alhamisi kila mmoja wetu atapiga. Kiti ni kimoja. Atakayekosa atashika matoazi.

Matoazi! Mimi!

Jumatano, 16 Julai

Mpango umepatikana. Kama karatasi ingesema "tuba kubwa", ubishi ungekwisha. Basi iseme.

Leo nimejitolea kupanga viti vya mazoezi. Kila mtu ameshangaa. Nakala ya Mwalimu ilikuwa kabatini. Mbele ya neno "Tuba" nikaongeza "kubwa". Nikaiangalia. Ilikuwa kavu mno. Nikaongeza "sana". Halafu nikakumbuka Tom amelelewa vizuri, ni mtu wa Werugha, nikaongeza "tafadhali".

Nimelala usingizi wa mtoto.

Alhamisi, 17 Julai

Mwalimu Jedidah alifundisha shule ya Wusi miaka thelathini. Hili ningelifikiria mapema. Aliinua nakala yake dirishani, akaisoma polepole, kisha akauliza ni nani hapa mwenye kalamu ya buluu. Wote waliangalia mfuko wa shati langu. Kalamu ilikuwa imesimama pale na jina la duka letu la matangi ubavuni. Akasema asante, hakuendelea. Afadhali angenichapa.

Wamalwa akapiga kwanza. Ilikuwa safi, sitakataa. Halafu mimi na kubwa. Nilivuta pumzi mpaka kifungo kikakatika. Sauti ya kwanza ilitoka nzuri sana. Tabu ni kwamba ilipotoka, Wendy alikuwa ameshafika swali la tatu. Ya pili ilifika juu ikapasuka. Mtu wa klarineti akakohoa, na namjua, hana kikohozi.

Mwalimu akasema kubwa ni chombo kizuri na ina kazi zake, nyimbo nzito, za chini, zinazotaka kifua. Lakini huu ni muziki wa ukungu, na ukungu hauji kwa kishindo. Kiti ni cha Wamalwa.

Nimepewa matoazi yamefungwa kwa gazeti. Nimerudi nayo nyumbani kwa miguu, njia ya nyuma.

Ijumaa, 18 Julai

Kazini alikuja mama mmoja wa Mwatate nikamwacha achague tangi mwenyewe. Akachukua la kati. Sikuwa na nguvu hata ya kumwonya.

Jioni Wendy alikuwa jikoni na ukurasa wa nne. Anapiga swali, ananyamaza kwa urefu wa jibu langu, halafu anapiga swali lingine. Ule ukimya katikati ndio ulionimaliza. Nikatoka nje nikajifanya nakagua mfereji wa mvua wa bati letu. Voi, mwezi wa saba, mvua ya wapi! Mke wangu Immaculate aliniona. Akaniletea chai huko huko nje.

Jumapili, 20 Julai

Wamalwa amekuja hapa baada ya ibada! Begani, tuba ndogo imefungwa kwa shuka. Alikataa chai mara mbili, kisha akanywa vikombe vitatu. Alipomaliza akasema, "Baba Wendy, chukua hii upige na mtoto. Wangu wako Bungoma, nawaona Disemba tu. Najua vile inakuwanga." Yeye atashika matoazi.

Mtego huo! Tuba ndogo ina vidole vyake. Vibonyezo ni vile vile, lakini ukibonyeza kama kwenye kubwa inatoka sauti ya jirani yake. Mimi najua kubwa tu. Mtu huyu anataka nikaaibike mbele ya Taita nzima, na anataka nimshukuru juu yake! Nikamwambia nitafikiria.

Immaculate akaniita jikoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nina dakika moja ya kumwambia mgeni asante, la sivyo kuanzia leo nitakula nilichopika mwenyewe. Nikarudi. Nikasema asante.

Mwalimu, kwa simu, amesema kiti ni cha tuba ndogo, anayeipuliza ni shauri letu. Lakini kama ikifika Jumamosi vidole vyangu havijajua njia, Wamalwa anarudi kitini.

Jumatano, 23 Julai

Vidole hivi vina kichwa kigumu. Miaka kumi na mitano vimekwenda njia moja! Syokau, jirani yetu, ameniuliza juu ya ua kama ng'ombe wetu amekaribia kuzaa. Hatuna ng'ombe.

Wendy ananifundisha. Ameniandikia namba za vibonyezo kwa penseli juu ya kila sauti. Ni mkali kuliko Mwalimu. Leo ameniuliza kama nasikiliza au nabonyeza tu. Nikamjibu kwamba nabonyeza kwanza, nitasikiliza nikipata nafasi. Akacheka mpaka akaweka fidla chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha hivyo kwa kukusudia. Hata leo sikukusudia.

Jumamosi, 26 Julai

Nimepita! Mwalimu ametingisha kichwa mara moja, kwenda chini. Kwake hiyo ni sherehe. Wamalwa amepiga matoazi ya furaha, akagombezwa.

Tuba ina kibomba cha kuvuta na kusukuma, ndicho kinachopandisha na kushusha sauti yote. Nikakivuta mpaka tukapatana na fidla sawasawa, halafu nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya Immaculate nikapiga alama pale pale. Kazi imeisha. Wamalwa akaniambia kule juu itabidi kisukumwe, eti baridi hushusha sauti ya shaba. Nikamwitikia hivi hivi. Alama ni alama. Mita moja ya Voi na mita moja ya Werugha si ni ile ile?

Linaloniuma ni jingine. Nilipopita stendi na hiki kitu, Calvince wa bodaboda akaniuliza kama tuba yangu niliifua ikarudi. Wenzake wote wakacheka. Jumamosi ijayo watakuja watu wa Wusi, wa Wundanyi, Tom mwenyewe atakaa mbele. Na mimi nitasimama na kitu kama birika! Mtu anamuaga binti yake kwa birika?

Ijumaa, 1 Agosti

Sijalala kwa kufikiri, lakini imelipa.

Kesho Musyimi, dereva wa lori letu, anapeleka tangi la lita elfu kumi kwa mteja wa Werugha. Nyumba ya tatu kutoka ukumbini! Nimepakia tangi mimi mwenyewe. Ndani yake nimeweka tuba kubwa imefungwa blanketi. Mdomo wa tangi uliipokea ikibaki nafasi ya kidole. Nikafunga kifuniko, nikamwambia Musyimi asikifungue kwa hali yoyote, vumbi litaingia.

Wengine wakiwa kwenye chakula cha mchana, nitaenda kwenye lori, nitaitoa, nitaingia ukumbini wa mwisho kabisa. Mwalimu hatanigombeza mbele ya wageni. Vidole vya kubwa ninavyo tangu zamani. Na lile la kuchelewa kutoka sauti nimeshalitatua: nitapuliza mapema.

Hatari ni moja tu, tangi lishushwe kabla sijafika. Lakini Musyimi nimefanya naye kazi miaka sita. Akisema saa mbili, mwandalie chakula cha saa tisa.

Wendy sijamwambia. Haya yote ni kwa ajili yake.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika leo. Jana sikuweza.

Musyimi alifika Werugha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asubuhi! Aliniambia ametubu kuchelewa tangu semina ya kanisani. Mteja alikuwa na wapwa watano wenye mikono kama magogo. Sisi tulipowasili, tangi lilikuwa juu ya jukwaa la mawe, urefu wa watu wawili, mfereji wa bati umeunganishwa, na ukungu wa Werugha unadondoka batini usiku na mchana bila kuambiwa.

Nikaomba ngazi. Nikapanda, nikafungua kifuniko. Tuba yangu ilikuwa chini kabisa, blanketi limevimba, maji yameshafika kwenye vibonyezo. Nikaingiza mkono mpaka bega. Haukufika hata nusu. Mteja akauliza kutoka chini kama mimi ndiye mkaguzi wa duka. Nikasema ndiye. Akauliza nalionaje tangi. Nikamwambia halivuji.

Nikarudi ukumbini na mkono mmoja umelowa, nikachukua birika.

Baridi ile! Watu wamevaa masweta mawili mawili, na pumzi inaonekana. Nikaangalia kibomba. Kiko kwenye alama, vizuri. Tukaanza. Ukurasa wa kwanza nikasikia kwamba okestra nzima imepanda juu. Ukurasa wa pili bado wako juu. Nyuma yangu Wamalwa akainama na matoazi yake akaninong'oneza, "Mzee, sukuma ndani." Nikajua! Hatimaye ameonyesha rangi yake, anataka kuniharibia alama mbele ya wageni. Sikusukuma. Ukurasa wa tatu Mwalimu akaniangalia kwa macho ambayo nadhani wanafunzi wa Wusi wanayakumbuka hadi leo. Tom, kiti cha mbele, aliinamisha kichwa upande kama mtu mwenye maji sikioni.

Ukurasa wa nne. Wote wakanyamaza.

Wendy akauliza swali lake. Ilitakiwa aliache pale nijibu. Hakuliacha. Alivuta upinde polepole, akaishika ile sauti kuliko ilivyoandikwa, akiniangalia. Aliangalia kibomba, kisha mimi, kisha kibomba. Akasukuma kidevu mbele kidogo tu. Upinde ulikuwa unaisha. Binti yangu alikuwa ananingoja mbele ya watu wote, na upinde haungoji milele.

Nikasukuma. Alama nyekundu ikaingia ndani ikapotea.

Nikajibu. Na sauti ikatua hapo hapo fidla ilipokuwa imeishikia nafasi. Ilikuwa nyepesi! Sikujua ninayo sauti kama hiyo. Akauliza tena, nikajibu tena. Mstari wa pili sikuuona, machozi yalijaa, lakini vidole vilijua njia kwa sababu yeye ndiye aliyevifundisha. Nampenda mtoto huyu. Sijawahi kumwambia vizuri, na jana nilimwambia, kwa tuba ya kuazimwa, mbele ya watu wa Werugha na masweta yao. Akajibu kwa sauti ya mwisho kabisa, ndogo, na akatabasamu fidla ikiwa bado kidevuni.

Baadaye Tom alikuja kunishika mkono. Akasema ukubwa wa tuba ulifaa kabisa, akauliza ni nani aliyeichagua. Nikafungua mdomo. Wamalwa akawahi kusema, "Ni huyu mzee." Sikumpinga. Mgeni hapingwi hadharani.

Jumatatu, 4 Agosti

Mteja wa Werugha amepiga simu dukani. Maji yake yanatoka kijani kidogo na bomba linanguruma. Bosi akaniangalia. Nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu.

Tangi limemwagwa, tuba kubwa imetolewa kwa kamba na wapwa wale wale. Ina bonde ubavuni kiasi cha sufuria ya ugali. Mwalimu amemkabidhi Wamalwa ainyooshe karakanani, na akae nayo, mimi nibaki na ndogo. Nimeandika barua ya kuomba msamaha kwa okestra, kwa duka na kwa mteja. Immaculate ameisoma, akaondoa sehemu niliyosema kosa ni la Musyimi.

Wendy amenikumbatia bila sababu nikiwa nafunga bahasha. Nilikaa kimya nisije nikaharibu.

Jumapili, 14 Septemba

Wiki mbili tangu Wendy aende Eldoret. Nyumba ina nafasi nyingi mno. Jikoni nasikia maswali ambayo hayapo.

Lakini mimi si mtu yule wa Julai. Nimejifunza! Leo Mwalimu ametupa muziki wa Krismasi. Ni mzito, wa polepole, sauti ndefu za chini kabisa. Juu imeandikwa "Tuba" tu. Mwalimu akanigeukia akasema kwa upole kwamba huu sasa ndio wa tuba kubwa, Wamalwa ameshainyoosha, na kiti ni changu kama zamani. Wamalwa akanisogezea ile kubwa, akitabasamu.

Nikasimama nikawaambia ukweli. Ndogo! Ndogo kwa ukungu, ndogo kwa Krismasi, ndogo kwa mazishi yangu mwenyewe! Tom hakuisifu? Miaka kumi na mitano nimebeba mzigo bure kwa sababu hakuna aliyeniambia. Na huyu Wamalwa, aliyekuwa na ndogo wakati wote, sasa anaing'ang'ania kubwa na kunisukumia. Kuna jambo hapa.

Mwalimu akasema ndogo haitafika chini huko. Akasema Jumanne atasikiliza zote mbili. Sawa. Nina mpango. Nimechukua dukani mita moja na nusu ya bomba la plastiki, la inchi moja, pamoja na viungo viwili na gundi. Nikiliunga katikati ya kibomba, tuba itakuwa ndefu, na ikiwa ndefu itashuka chini. Bado itakuwa ndogo. Wamalwa, mwenye tuba, nitamweleza gundi ikishakauka.

Wendy alipiga simu nikiwa nakata bomba. Aliuliza Krismasi tunapiga nini, na nimechagua tuba ipi. Nikamweleza yote, pamoja na inchi. Akauliza kama mama yupo karibu.

Nimempa mama yake simu. Wameongea dakika ishirini na kucheka sana. Sijui walikuwa wanacheka nini.